Kesho Sikimbii

Mwakeye!

Haya, wenyeji wameitikia, wageni mmebaki mnatazamana. Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kiha. Najua sasa hivi ni saa tisa alasiri, lakini nataka muizoee leo kwa sababu kesho barabarani mtaihitaji kuliko hata maji. Kaeni nayo, nitairudia.

Nimepewa nafasi niseme kidogo kabla hamjapakuliwa wali, kwa hiyo sitawachosha. Naona mnanitazama kifuani. Humu ndani wote mna namba za mbio za kesho, hata yule mama wa Tabora aliyesema amekuja kutembea tu na kuangalia milima. Mimi sina. Wenzangu wa kikundi chetu cha mbio wameniuliza wiki nzima kama naumwa. Siumwi. Ngoja niwaeleze, na majina ya watu sitayataja, mniwie radhi.

Miaka michache nyuma nilikuwa dereva wa bodaboda hapa Kasulu mjini. Nilikuwa na abiria wangu wa kila siku ya soko, mama mmoja mjane wa Heru Juu. Asubuhi namfuata na gunia lake la maharage, jioni namrudisha. Aliniita mwana wanje, yaani mwanangu. Na hakuwa anapanda pikipiki mpaka tumalize kusalimiana. Wageni, salamu zetu sisi si za kurushiana mkono tu. Unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, unauliza nyumbani, unauliza watoto, mihogo, ng'ombe, hata kama mwenzako hana ng'ombe. Abiria wengine walinikimbia kwa sababu ya salamu za yule mama, na sikujali.

Siku moja ya mvua tulikuwa tunapanda kile kilima cha kwenda kwake. Mnaokiona kwenye ramani ya kesho kama kamstari kadogo, poleni sana. Udongo ulikuwa umeloa, tairi la nyuma likaenda pembeni, tukaanguka. Mimi nikainuka. Yeye hakuinuka. Mguu wake ulikuwa umekaa vibaya. Halafu nikasikia watu wanapiga kelele kutoka mashambani, wanakuja mbio upande wetu, wameshika majembe.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: nilikimbia.

Sijitetei. Ila mjue nilikotoka. Mama yangu mzazi alivuka kutoka Burundi akiwa mtoto, akakulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kabla hajaolewa na baba yangu, Muha wa hapa hapa. Nyumbani kwetu nyuma ya mlango kulikuwa na furushi limefungwa kwa kitenge, ndani blanketi na sufuria, hata miaka ambayo hapakuwa na kitu cha kukimbia. Kwa mama yangu, kelele za watu wengi zilikuwa na maana moja tu. Alitufundisha kukimbia kwanza, kuuliza baadaye. Sasa wale watu walikuwa wanapalilia, ndiyo maana walikuwa na majembe. Mimi niliyaona ni ya kichwa changu.

Na kuna jambo ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu. Wakati naondoka, yule mama aliniita. Aliniita kwa jina langu, mara nyingi. Nilimsikia, sikugeuka.

Pikipiki niliiacha pale pale, mwenye pikipiki akaja kuichukua. Mimi nikapita mashambani, kesho yake nikadandia lori la mihogo mpaka Kibondo, nikaenda kwa shangazi yangu Kitahana. Nikamwambia nimekuja kumsaidia kulima. Akatazama magoti yangu yaliyochubuka, akaniletea maji ya moto yenye chumvi. Nikabadilisha laini ya simu. Nikakaa huko misimu mitatu ya kilimo, bila kujua kama yule mama yuko hai. Ningeweza kuuliza. Niliogopa kuuliza kwa sababu ningejibiwa.

Nikikaa kimya naisikia ile sauti. Kwa hiyo nikaacha kukaa. Kila alfajiri naamka naitafuta barabara, nakimbia mpaka jua lichomoze, ndipo naenda shambani. Watu wa Kitahana walidhani nimerukwa na akili. Shangazi mwenyewe alianza kunifanyia maombi kwa siri, kwa siri ambayo kanisa zima lilikuwa linaijua.

Huko kulikuwa na mwalimu wa sekondari, mtu wa Mtwara, amepangiwa kazi Kibondo na baridi yetu inamtesa. Alikuwa anakimbia ili apate joto, koti mwilini. Asubuhi moja akanifikia, akahema, akasema, "Kijana, wewe unakimbia kama mtu anayefukuzwa. Nani anakufukuza?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi punguza mwendo, maana huyo Hakuna wako atanichosha na mimi."

Tukawa tunakimbia wote. Ni yeye aliyeniambia habari za mbio hizi. Akasema kuna mbio ndogo Kasulu, hazitangazwi sana, lakini watu wanatoka Kigoma, wanatoka Dodoma, wengine wanavuka kutoka ng'ambo, Burundi, na aliyekuja mara moja anarudi. Nikafurahi. Halafu akanitajia njia: kutoka mjini, kupanda Heru Juu, kugeuza na kurudi. Nikasimama katikati ya barabara. Nikasema mimi siendi.

Hapo ndipo nilipomweleza yote. Alikuwa mtu wa kwanza. Hakunihubiria. Alifunga kamba ya kiatu polepole sana, akasema, "Huku umeshakimbia kiasi cha kutosha, umemaliza barabara. Sasa tukimbie kuelekea kule."

Siku ya mbio ilikuwa na ukungu kama wa leo asubuhi. Nawaambia wageni, mtaona wenyewe. Hapa hakuna majukwaa wala muziki mkubwa. Kuna watu. Kina mama wanasimama milangoni wanagonga masufuria, mtu anakupa kipande cha muwa, mwingine anakuletea ndizi na kukufuata nayo mpaka uichukue. Mimi sikuchukua kitu. Nilikuwa nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi, nimejificha katikati ya kundi. Mpango wangu ulikuwa kupita ile kona tulipoangukia, upande wa pili wa barabara, haraka, macho chini.

Tukapanda. Kwenye kona, kuna mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja kaunyoosha mbele, mkongojo kauegemeza ubavuni, jagi la maji mapajani.

Alikuwa yeye. Hai!

Alikuwa anamsalimia kila mkimbiaji mmoja mmoja. "Mwakeye! Mwakeye!" Wakimbiaji wananyoosha mkono, wanapita. Ilipofika zamu yangu, ndugu zangu, mimi sikuamua kitu. Miguu ilisimama yenyewe. Nikajikuta nimeinama, nimeanza kupiga makofi, kofia imedondoka. Mwalimu alinipita, akageuka, akaona, akaendelea na safari yake. Namshukuru kwa hilo.

Yule mama akanitazama. Akaniita kwa jina. Akauliza, "Nyumbani?"

Nikasema nyumbani ni salama.

"Shangazi yako hajambo? Mihogo?"

Alikuwa anajua nilipokuwa! Nikaanza kulia kama mtoto. Nikamwambia, mama, nisamehe, mimi ndiye niliyekuangusha.

Akasema, "Nyamaza. Kuanguka ni utelezi. Kuniacha ni wewe."

Hakuyasema kwa hasira, na hakuyasema kwa kunibembeleza. Akaendelea, "Nilikuwa nakuita unishike mkono tu, nilikuwa naogopa. Wale watu walinibeba mimi, halafu wakarudi kukutafuta wewe. Siku mbili wameshuka makorongo yote wakidhani umegonga kichwa, umefia porini. Mpaka shangazi yako, aliposikia habari za ajali, alipoleta salamu kwamba uko kwake."

Watu niliowakimbia walikuwa wananitafuta wanipeleke hospitali. Kwa misimu mitatu nilijificha nisionwe na watu waliokuwa wananihurumia.

Nikataka kukaa pale chini nisiondoke tena. Akanijazia kikombe. "Kunywa. Nenda umalize mbio zako, halafu urudi tusalimiane vizuri. Ile haikuwa salamu." Nilimaliza nikiwa karibu wa mwisho, nikapewa medali, nikapanda tena kile kilima kwa miguu na medali yangu shingoni, mjinga kabisa. Tulisalimiana mpaka maharage yakaiva.

Wiki ile ile mwenyekiti wa kitongoji alinisindikiza kituo cha polisi nikaandikisha maelezo yangu. Wale wakulima walinipokea, japo mmoja bado ananiita marehemu. Mguu wa mama haukurudi kama zamani, na huo sitajidanganya kwamba nimeulipa. Nimerudi Kasulu, naendesha pikipiki tena, polepole. Ilichukua mwaka mzima kabla mama hajakubali kupanda. Siku aliyokubali alinishika kiuno kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi.

Namshukuru shangazi, aliyetunza siri yangu na akaivujisha mahali panapofaa. Namshukuru mwalimu, yuko pale nyuma na koti lake, msimwangalie, ataona haya. Nawashukuru wale wa majembe. Na niwape nilichojifunza, mkiona kinafaa: ukisikia unaitwa, geuka kwanza usikilize unaitiwa nini. Mimi nilikosa misimu mitatu ya maisha yangu kwa kutogeuka.

Sasa, kesho. Mwaka huu mama amechoka, hawezi kuinua jagi peke yake kwa wakimbiaji wote nyie, na salamu hataki kuziacha. Kwa hiyo kesho sikimbii. Mtanikuta kwenye ile kona, nimesimama kando ya kiti chake, nimeshika jagi. Atawaambia mwakeye. Simameni, hata kwa pumzi tatu tu, mkaitike. Na mimi nitakuwepo. Nisalimieni.