Fulana ya Mkutano

Basi dogo lilipotoka mtaa wa Batha kuelekea ule wa Sulay, Winfred alijifanya amelala. Ugomvi wa kiti cha mbele ulikuwa mtamu kuliko usingizi.

"Kaka, huoni haya kuvaa fulana yenye sura ya huyo mwanasiasa?" dada mmoja alimwuliza mlinzi aliyekaa naye. "Wakati wa korona kule kwetu sisi tulifungiwa ndani, yeye akaita mikutano ya kampeni. Tulizika mpaka tukachoka!"

"Hata hapa kwa Waarabu watu walikufa, dada."

"Hapa walitangaza matibabu ya bure, hata kwa asiye na ikama ya kumruhusu kuishi hapa!"

"Rafiki yangu hakuwa nayo. Alidhani ni mtego wa polisi, akafia chumbani."

"Huyo aliuawa na woga. Wetu waliuawa na kura!"

Mlinzi aliinyoosha fulana yake kifuani, polepole. "Hii mama alipewa kwenye mkutano wa huyo huyo. Alirudi nayo akikohoa. Sikuweza kwenda kumzika. Ndiyo nguo yake pekee niliyoletewa."

"Yalla, Sulay!" dereva alipiga kelele.

Mlinzi alishuka. Winfred aliacha kujifanya amelala, akausoma mgongo wa ile fulana: TUKO PAMOJA. Maandishi hayakuwa yamepauka hata kidogo, kama ya nguo inayotunzwa sana.