Rangi ya Kucha kwenye Nati za Rimberia

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Julius Rimberia anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutengeneza pikipiki za kliniki yetu ya nyanjani hapa Isiolo. Mimi Ntinyari, mtunza stoo, nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu, wanasema, nimegombana naye kuliko mtu mwingine yeyote. Ni kweli. Tumegombania matambara, grisi kwenye daftari langu, na chai yangu ambayo huinywa kila siku akidai alidhani ni yake. Lakini wiki hii nikimwona akipanga spana zake sandukuni, nampelekea matambara hata kabla hajaomba.

Alikuja mwaka 1992, karakana ikiwa mabati machache na meza moja, pikipiki zikiwa tatu. Leo ni kumi na tisa, na kila moja anaijua kwa mlio. Ikiingia tu getini hapa mtaani Wabera, hutuambia ni nani anakuja na ni nati gani imelegea, hata kabla hajainua kichwa. Tulikuwa tukiwekeana naye dau la mandazi. Tulishindwa mpaka tukaacha.

Kwa miaka mingi alikaza kila kitu kwa mkono bila kipimo, akisema mkono wake una akili kuliko kitabu cha kiwanda. Tulimwamini, maana hakuna gurudumu lililowahi kuchomoka. Kisha mwaka 2019 vidole vyake vya kulia vikaanza kufa ganzi. Hakumwambia mtu, hata mimi! Alikwenda kimyakimya kwa mafundi wa malori akaazima spana ya kipimo, ile unayoiwekea namba ya nguvu, nayo inalia tik ukiifikia.

Shida ni kwamba ilikuwa spana ya lori. Namba zake zilianzia arobaini, na bolti ya kumwagia oili kwenye pikipiki zetu inataka ishirini na kitu tu. Rimberia akashusha kipimo chini ya alama ya kwanza, akakisia, akakaza huku akingoja tik. Tik haikuja, naye akazidi kukaza. Bolti ilionekana imekaa vizuri, kumbe meno yake yalikuwa yamekwisha.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya Sista Gumato, muuguzi wetu wa Merti. Akielekea huko alipita kijiji cha Gotu salama, na mbele kidogo bolti ikadondoka, oili ikamwagika yote, injini ikakwama. Alisimama juani na sanduku la chanjo hadi pikapu iliyobeba mbuzi ilipompakia. Alipofika Merti barafu ilikuwa maji na chanjo haifai tena. Akina mama waliokuwa wamengoja na watoto tangu asubuhi wakarudi nyumbani.

Rimberia hakusingizia barabara. Alipanda lori hadi Merti, akaketi mbele ya akina mama wale na kuwaeleza kwa Kiborana chake cha kuungaunga kwamba kosa ni la mkono wake. Walicheka Kiborana hicho mpaka machozi, kisha wakampa chai. Aliporudi alituonyesha vidole vyake vyenye ganzi, na siku hiyo sikugombana naye.

Tangu hapo amekuwa mwalimu asiyechoka. Anayetaka kutunza pikipiki yake nyumbani huambiwa asidanganywe na urefu wa spana wala kung'aa kwake. Atazame kwanza namba yake ndogo kabisa. Yeye alichagua inayoanzia kumi na kuishia mia, kwa sababu inatosha bolti ndogo za injini na pia nati ya gurudumu la nyuma. Ole wako akikuona unaitumia kufungulia nati zilizoganda, au unaihifadhi kabla ya kuirudisha kwenye namba ndogo! Kila nati iliyolia tik huitia tone la rangi nyekundu ya kucha, ili ikisogea ionekane. Rangi ni ya mkewe, Kaari, ambaye ametuambia hajapaka kucha zake tangu mwaka ule.

Mwezi wa tatu tulijulishwa kwamba hatapatikana fundi wa kushika nafasi yake. Kila mwendeshaji atatunza pikipiki yake mwenyewe huko aliko. Habari hiyo ilimkosesha raha mzee wetu. Kustaafu hakukumsumbua. Aliogopa Gumato asije akasimama tena juani na sanduku la chanjo. Tulikuwa tumechanga tumnunulie kiti kizuri cha kupumzikia, akatuomba tununue spana za kipimo badala yake. Miezi minane amewafundisha waendeshaji mmoja mmoja, akiwarudisha mwanzo kila walipokisia.

Jumatatu hii Gumato aliingia kutoka Merti. Sote tulimgeukia Rimberia atuambie nini kimelegea. Aliinuka, akaizunguka ile pikipiki polepole, na kila nati ilikuwa na tone la rangi ya zambarau, rangi ya Gumato mwenyewe, na hakuna hata moja iliyosogea. Bado hakuridhika. Alichukua spana yake, akaweka namba, akaipachika kwenye nati ya nyuma na kuvuta. Ililia tik papo hapo, na nati haikusogea.

Alirudisha kipimo kwenye namba ndogo, akaitundika spana ukutani, akaketi na kuomba chai. Nilimpa yangu.

Mzee Rimberia, asante kwa kila safari iliyofika. Tunakuombea afya, vidole vyenye nafuu, na siku njema wewe na Kaari. Mrudishie rangi yake. Kikombe changu kaa nacho, tangu zamani kilikuwa chako.