Bibi Kiyono Asaoka, Mpimaji wa Maji ya Visima vya Mobara (1931–2019)

Marehemu Kiyono Asaoka alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Otaki, mkoani Chiba, Japani, mtoto wa tatu wa Mzee Yasaburo Murozumi na mkewe Ito. Kwao walipikia gesi iliyotoka pamoja na maji ya kisima cha uani.

Alihitimu shule ya wasichana mjini Mobara mwaka 1948. Alitamani kusomea kemia. Nafasi ya chuo akapewa kaka yake, ambaye hakuitaka.

Aprili 1951 aliajiriwa na kampuni ya gesi kupima maji ya visima. Gesi ya huko imeyeyuka katika maji ya chumvi yaliyo chini sana ardhini. Yakipanda, shinikizo hupungua na gesi hutoka. Mwaka 1956 mhandisi mgeni alilinganisha vipimo vyake na jedwali la kitabuni, akakuta gesi pungufu kwa sehemu moja katika sita. Akamwandikia onyo: kwa uzembe ameacha gesi ivuje; akirudia, afukuzwe.

Jumatatu iliyofuata Kiyono alileta mitungi miwili ya chuma mbele ya mhandisi na mafundi. Mmoja aliujaza maji ya mvua, wa pili maji ya kisima yaliyokwisha kutolewa gesi. Akashindilia gesi kwa shinikizo lilelile, akatikisa mpaka maji yakashiba. Ilipofunguliwa, maji ya kisima yalitoa gesi pungufu, kwa kiasi kilekile.

“Mtungi huo unavuja, dada,” mhandisi alisema.

“Basi tubadilishe maji, mitungi ibaki.”

Wakabadilisha. Upungufu ukayafuata maji.

“Sasa onja, Bwana Mhandisi.”

Akaonja, akatema. “Chumvi!”

“Jedwali lako lilipima maji matamu. Maji yakishashikwa na chumvi, hayapokei gesi nyingi kama hayo matamu, hata kwa shinikizo moja.”

“Mpeni mheshimiwa chai asuuze kinywa,” alidakia fundi wa pampu, Tomekichi Asaoka, “na jedwali lake pia!”

Jedwali lilisahihishwa bila jina la Kiyono. Aliyeandika onyo alipandishwa cheo. Onyo lenyewe halikufutwa, ingawa Kiyono aliandika barua tisa kuomba lifutwe kabla ya kustaafu mwaka 1986.

Tarehe 3 Novemba 1958 aliolewa na Tomekichi, aliyependa kusema, “Nilitafuta mtu wa kubishana na vitabu, mimi nipate kulala.” Tomekichi alitangulia mwaka 2004.

Moyo ulianza kumsumbua Kiyono mwaka 2016. Wiki ya mwisho, bintiye alimuuliza kama aandike barua ya kumi.

“Iandikeni nyinyi,” alijibu. “Mimi nimechoka, lakini sikukosea.”

Alifariki nyumbani, Mobara, tarehe 9 Februari 2019, saa nne asubuhi.

Ameacha mwana, Hidemasa, binti, Setsuyo, wajukuu watatu, na mdogo wake, Fumi. Wote sita wametia saini barua ya kumi, nayo imepelekwa jana.

Kiyono Asaoka hakuvujisha gesi. Alale salama, jina lake likiwa safi.