Wa Namba Nne

Benchi lilikuwa mkabala na geti la kiwanda cha mablanketi, na tangu astaafu ufundi, Spana alikaa mwisho wake wa kulia kila asubuhi, maana hapo ndipo mashine namba nne iliposikika vizuri. Marehemu mkewe aliiendesha miaka ishirini, yeye akiitengeneza. Walipendania hapo, kati ya grisi na pamba. Asubuhi hiyo getini palikuwa na tangazo: kiwanda sasa ni cha ubia, nusu serikali, nusu kampuni, na mashine kuukuu zitang'olewa. Namba nne ilikuwa kimya. Kahawa ya Spana ilimpolea mkononi.

Profesa, kinyozi msoma magazeti, akalivalia njuga suala la umiliki.

— Kilipokuwa cha serikali kilikuwa cha wananchi. Mimi nilikuwa na msumari wangu mle ndani.

— Msumari upi? akauliza Mama Birika, muuza kahawa.

— Sikuwahi kuoneshwa. Kikauzwa kwa tajiri, msumari wangu ukaenda nacho. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

— Wanafuma mablanketi, Profesa. Nyama imetoka wapi?

Kontena, mpagazi mwenye mabega mapana, akasema ubia ni rahisi: asubuhi mashine zitakuwa za serikali, jioni za kampuni, na saa ya chakula hazina mwenyewe, kila mtu ajipitie. Mama Birika alitaka ushirika, wafanyakazi wamiliki wenyewe. Profesa akaonya kuwa hapo kila mtu atarudi kwake na skrubu. Kontena akazidi kupanda: moshi wa kiwanda anauvuta yeye, basi mapafu yake yana hisa.

Spana alicheka kidogo, kicheko kikamkatikia.

— Na aliyezeekea mle, ana nini?

Mama Birika akamwongezea kahawa bila kuombwa.

Geti likafunguka, akatoka binti mwenye ovaroli mpya, injinia aliyeletwa na wabia kuchagua mashine za kung'oa.

— Shikamooni. Namba nne imegoma. Kuna anayeijua?

Wote wakamgeukia Spana.

— Umeiwasha na uzi juu yake?

— Ndiyo, mzee.

— Haitaki. Mke wangu aliiacha izunguke tupu kwanza, mpaka mkanda upate joto.

Binti akamwomba waingie, akafungua daftari la getini alilokuja nalo.

— Hapa pana mwajiriwa, mwenye hisa na mgeni. Nikuandike nani, baba?

Spana akainuka taratibu. Mle ndani watu waliitwa kwa mashine zao, na mkewe alizikwa na jina hilo.

— Andika pembeni, mwanangu: wa namba nne.

Mama Birika akaifunika kahawa ya Spana kwa kisosi.

Ndani, namba nne ilikuwa imechorwa msalaba wa chaki ubavuni, alama ya kung'olewa. Spana akashika mpini uliolika kwa kiganja cha mkewe, akaiwasha. Binti akanyoosha mkono kuipa uzi.

— Bado. Ngoja ipate joto.

Wakasubiri pamoja. Ngurumo ikatulia, ikawa ileile aliyoizoea, na Spana akajifuta macho, akasingizia grisi. Binti akakunja mkono wa ovaroli yake mpya, akaufuta ule msalaba.