Nilichomoa Honi Kwaya Ikiimba

Wapendwa, nawasalimu. Mimi nimeishia darasa la tatu, lakini kutoka Mbooni hadi Kibwezi, ukisikia honi, ile spika ya mdomo mpana, kwenye mkutano wa injili au mazishi, mtambo ulikuwa wangu. Amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani. Hakuna aliyenifundisha.

Fundi mmoja, mama kijana mwenye kibanda cha ufundi katika soko la Kwa Vonza, aliwahi kunionya. "Mzee, usichomoe honi amplifaya ikiwa inaimba. Umeme ukikosa pa kutokea unaruka, unachoma transfoma. Niachie niiwekee kinga."

"Nilifunga honi wewe ukibebwa mgongoni," nikamjibu.

Akacheka. "Haya, baba. Transfoma haiheshimu mvi."

Mwaka jana nilimzika mke wangu. Nikakataa mtambo wa mtu mwingine. Tulipotoka uani kwenda kaburini, honi ilibidi ihamishwe. Kuzima kwaya ikiimba niliona aibu, na valvu hukawia kupata moto. Nikachomoa hivyo hivyo. Ndugu zangu, nawaambia, harufu ilitangulia moshi. Mchungaji akaomba kwa mdomo mtupu. Dada ya marehemu, aliyesimama chini kwenye mteremko, hakusikia hata neno.

Sikulia. Nilikunja waya. Miezi ikapita nimekaa tu. Uji ukiletwa nakunywa, usipoletwa sikumbuki. Nyinyi wa kikundi hiki cha waliofiwa mlikuja mkakaa nami bila maswali. Halafu mjane mmoja wenu akasema, "Wiki ijayo tunazika. Familia inataka sauti. Niwaambie nini?"

Nikaipeleka amplifaya Kwa Vonza. "Nimeichoma," nikasema. Sikuwa nimemwambia mtu kwamba kosa lilikuwa langu.

"Kaa hapa, ushike waya," fundi akanijibu.

Tukaizungushia transfoma waya mpya. Akafunga resista kubwa pale honi inapoingia, umeme usikose pa kwenda, na kwenye valvu akafunga daiodi, vidude vya kukamata umeme unaoruka. "Lakini hii si ruhusa ya kuchomoa, mzee. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kwenye mazishi hayo ya familia ya mjane, tulipoelekea kaburini nilizima mtambo. Watu wakageuka kunitazama. Nikahamisha honi, nikawasha, nikangoja chupa zipate moto. Hakuna aliyeondoka.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Moyo bado una ganzi. Lakini naamka, nafanya kazi. Asanteni mlioketi nami, na asante kwa fundi yule, ambaye ni mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Aliye na mtambo kama wangu, azime kwanza. Watu watangoja. Mimi nilidhani hawawezi.