Mama Laetitia na Visanduku Ishirini na Viwili

Ndugu na majirani, tunayemzika leo ni Laetitia Nyiransengimana, aliyezaliwa Kirolirwe tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa Papa Ndagijimana na Mama Emérita, wakulima wa viazi na maharagwe.

Alisomea ufundi wa umeme Goma, akapata diploma mwaka 1999. Darasani walikuwa wasichana wawili, mwenzake aliacha.

Mwaka 2003 alifunga ndoa na Michel, mkulima kutoka Walikale. Papa Michel anasimulia kwamba asubuhi ya arusi alimkuta bibi arusi amesimama juu ya meza, gauni limepandishwa magotini, akitengeneza taa ya kanisa.

Alifungua karakana hapa Bweremana. Alihudumia nyumba zenye milango, taa na pompi zinazojiendesha. Kinachokufa humo mara nyingi ni alimentation, kisanduku cha kupunguza nguvu ya umeme. Alikuwa anakitoa na kuweka kipya.

Agosti 2022, kisanduku kipya alichoweka kwa Mama Hélène, mjane anayelea wajukuu, kiliwaka. Mapazia yakashika moto. Yule mjane aliwatoa wajukuu wake wote, lakini mikono yake iliungua. Laetitia alikipasua kisanduku: nyaya nyembamba kama uzi, na donge la simenti la kuongeza uzito. Alitema mate.

— Uchafu! Nani anaweza kuuzisha kitu hii, na watu banalala mu nyumba?

Aliyemuuzia visanduku vya aina hiyo ni mdogo wake Jean-Claude, ndiye mimi ninayesoma. Nilikuwa nimefungua kimoja kabla ya kumpa. Nilijua. Mpaka leo ninajichukia.

Alipita nyumba kwa nyumba, akavitoa vyote ishirini na viwili. Nilitaka kumsaidia.

— Usiniguse. Beba ngazi.

Miaka mitatu hakunikaribisha mezani pake.

Mwaka 2025 alishikwa na saratani ya ini. Hospitalini Kirotshe nilimuomba musamaha.

— Ulienda kwa Mama Hélène?

— Bado.

— Basi unafanya nini hapa?

Nilienda, nikasema yote. Mama Hélène alinionyesha mikono yake, akafunga mlango. Niliporudi na kumweleza dada, alinionyesha kiti kando ya kitanda.

— Haya. Ikala.

Niliketi kando yake. Alifariki siku mbili baadaye, tarehe 19 Novemba, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume wake Michel; watoto Généreuse, Luc na Naomie; mama yetu Emérita; na mimi.

Mungu ampe dada yetu pumziko la amani.