Blanketi la Panya

Kabla pirogi, mtumbwi wetu wa mota, haijaondoka Lubunga kuvuka mto, mwanafunzi mmoja wa sayansi alifunika sanduku la panya wake weupe kwa blanketi zito. Sisi abiria tuliachiwa moshi.

"Iko wanasikia baridi?" akauliza mama muuza kwanga, mikate ya muhogo iliyofungwa kwa majani, aliyekaa kando yake.

"Hapana, mama, ni makelele ya mota. Hawa inawaumiza kupita panya wengine. Hata ukiwapuliza kidogo kwa shingo, wanaruka. Tunawachunguza ili tujue namna gani watoto wenye otisme, yaani usonji, wanasikia vitu."

"Mutoto wangu Tania, monganga wa hospitali alisema iko na ile otisme. Kumusuka nywele, tunamushika watu watatu. Anapiga kelele mpaka mwisho. Pasta naye anasema ni pepo."

"Labda inamuuma kweli, mama."

"Nani alikuambia? Panya?" Watu wawili wakacheka, mimi nikayatazama maji, kama mtu asiye na masikio. "Panya haiendi kubatizwa, bon. Mimi nitamupeleka mutoto kanisani na kichwa kama kiota?"

"Panya hawezi kusema, ndiyo maana tunamuangalia. Tania anasema?"

"Analia."

"Alors?"

Mama akafunga upya kwanga zake, ambazo hazikuwa zimefunguka.

Tukafika ng'ambo. Mota ikazimwa, wapakuzi wakatuvamia kwa sauti. Mwanafunzi akashika ncha ya blanketi alifunue. Mama akamshika mkono.

"Ngoja kwanza," akasema. "Watu bado wanapiga makelele."